Saini yangu ndiyo inayosubiriwa ili nyumba ya wazazi wetu ibomolewe

Ndugu Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa miaka mingi, na nimewahi hata kuwahukumu kwa sauti wenye barua nikiwa mezani na mume wangu, bila kudhani kwamba siku moja nami nitakesha nikiandika yangu. Naomba usichapishe jina langu wala la mji wetu, kwa kuwa ni mji mdogo na wenyeji wake watatutambua mara moja.

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya wanne. Sote tumelelewa katika nyumba aliyoijenga babu mzaa baba, nyumba ya mawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, yenye kuta nene kiasi kwamba tulipokuwa wadogo tuliweza kukaa wawili dirishani, miguu ikining'inia nje, na mgongo usiguse pazia. Baba alizaliwa humo, akazeeka humo na kufia humo. Mama alimfuata miaka minne iliyopita. Hati ya kiwanja haijabadilishwa tangu wakati huo. Bado ina jina la baba, na warithi ni sisi wanne.

Mama alipofariki, kaka yetu mkubwa aliendelea kukaa humo na mke wake na watoto wao. Sisi wengine tuko mbali: dada yangu ameolewa mji mwingine, mdogo wetu wa mwisho yuko ng'ambo, nami nafanya kazi katika jiji lililo umbali wa siku nzima kwa basi. Msimu wa mvua wa mwaka juzi ukuta wa upande wa kichochoro ulipasuka kuanzia juu ya dirisha hadi karibu na msingi, na usiku mmoja kipande cha dari ya chumba cha watoto kikaanguka. Kwa bahati watoto walikuwa wamelala chumba kingine. Kaka akahama na kwenda kupanga. Alinitumia picha nyingi za ufa huo katika simu, lakini nakiri kwamba nyingine sijazifungua hadi leo, kwa sababu sikutaka kuiona nyumba katika hali ile.

Miezi miwili iliyopita halmashauri ya mji ilibandika notisi mlangoni kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia, na kwamba wenye nyumba walikarabati au walibomoe ndani ya siku 90. Ukuta umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kaka aliitisha kikao cha simu, na kabla sijamaliza kuuliza maswali nikatambua kwamba wenzangu walikwisha kukubaliana: nyumba ibomolewe, pajengwe jengo la ghorofa moja lenye vyumba vya biashara chini na vyumba vya kupangisha juu, na kodi itakayopatikana tugawane. Mkandarasi yupo, na amesema yuko tayari kuanza kujenga kwa gharama zake. Kinachosubiriwa ni saini yangu tu.

Nilikataa. Nilisema nyumba ikarabatiwe, na kwamba nitachangia kutoka katika kiinua mgongo changu nitakapostaafu miaka mitatu ijayo. Kaka akanitolea methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wewe unaipenda nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa nalala ndani yake." Akakata simu. Leo ni siku ya kumi na tisa hatujazungumza.

Kuna jambo linalonizuia kuliko yote hayo. Katika siku zake za mwisho mama alimwambia dada yangu, "Nyumba msiiache." Dada mwenyewe ndiye aliyenieleza kwa simu. Mimi sikuwepo, nilichelewa kupata ruhusa kazini, nikafika siku mbili baada ya mazishi. Usiku huo nililala kitandani kwake. Pembeni mwa kitanda, ukutani, kuna alama nyeusi yenye kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, mahali alipokuwa akishika kila alipoinuka, mwaka baada ya mwaka. Nikaweka kiganja changu juu yake, kikaenea sawasawa. Kila ninapoifikiria saini hiyo, naiona alama ile ikipigwa nyundo.

Dada ananisihi nikubali kwa ajili ya amani. Mdogo wetu anasema nyumba ni mawe tu. Mume wangu, ambaye ni mtu mpole, aliniuliza mara moja kuhusu kiinua mgongo: "Na watoto wetu je?" Sikuwa na jibu. Nikishikilia msimamo wangu, nitakuwa nimewakwamisha ndugu zangu na huenda ukuta ukamwangukia mtoto wa mtu. Nikitia saini, nitakuwa nimevunja agizo la mama. Linaloniumiza zaidi ni kuona kwamba katika familia nzima ni mimi peke yangu ninayewakumbuka wazazi wetu. Nifanye nini?

Binti wa nyumba ile

*

Dada yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, kisha nikairudia jioni nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa nilihisi yapo mambo uliyoyasema kwa sentensi moja ambayo yana uzito kuliko uliyoyasema kwa aya nzima. Niruhusu kwanza nikurudishie shauri lako kama nilivyolielewa. Nyumba ya babu yako imeharibika kiasi cha kuwa hatari, mamlaka imewapa muda, ndugu zako watatu wanataka kuibomoa na kujenga kitu chenye kipato, nawe unaona kwamba kukubali ni kumkosea mama, na kukataa ni kuwakosea ndugu na majirani. Chini ya hayo yote kuna simu iliyokatwa, na siku mbili ulizochelewa.

Naanza na ukuta, kwa sababu huo hausubiri sisi tumalize kuandikiana. Umesema upo upande wa kichochoro na kwamba unahofia mtoto wa mtu. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake haihitaji kwanza mkubaliane juu ya hatima ya nyumba. Ukuta uliopasuka unaweza kuegemezwa kwa miti au vyuma na sehemu ya njia ikazibwa ili watu wapite mbali, nayo ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua, ikisimamiwa na mhandisi. Kuegemeza si kukarabati wala si kubomoa. Tena kama mtaweza kuipelekea halmashauri taarifa ya mhandisi pamoja na ushahidi kwamba hatari imedhibitiwa, mnaweza kuomba muda uongezwe. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali, lakini ombi lililo na karatasi ya mtaalamu husikilizwa kwa namna tofauti na ombi la machozi. Zimebaki takriban siku 30. Ningependa hili ndilo liwe jambo la kwanza unalolizungumza na ndugu zako, maana ni jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu atakayelipinga, na familia ambayo haijazungumza kwa siku kumi na tisa inahitaji kuanza na neno lisilo na ubishi.

Sasa niulize kwa upole: ni nani aliyeukagua ufa ule? Katika barua yako yupo kaka, yupo mkandarasi, ipo rangi nyekundu ya halmashauri, lakini sijamwona mhandisi wa majengo aliyesimama mbele ya ukuta akaueleza. Mkandarasi ambaye riziki yake ni jengo jipya si shahidi mzuri wa afya ya jengo la zamani, na simsingizii ubaya kwa kusema hivyo. Nawe unayeipenda nyumba kutoka umbali wa siku nzima kwa basi si shahidi bora kuliko yeye. Nyufa zina lugha yake. Ufa uliopanuka juu na kusinyaa chini humwambia mhandisi jambo moja, ule unaofuata ngazi za mawe humwambia jingine, na ule wa juujuu katika plasta pengine hausemi kitu. Kuna njia ya zamani na rahisi ya kujua kama ukuta bado unatembea: kipande chembamba cha kioo hubandikwa kwa jasi kikavuka ufa, pembeni huandikwa tarehe, kisha watu husubiri. Kioo kikivunjika, ukuta haujatulia. Kikibaki kizima hata baada ya mvua kubwa, basi huenda jambo lililoupasua limekwisha kupita. Lakini kioo kinataka muda, na ndiyo maana nimeanza na habari ya kuegemeza.

Muulize pia mhandisi huyo kama kuta zile ziliwahi kupigwa plasta ya saruji. Nyumba nyingi za mawe na chokaa zimeharibiwa na watu waliokuwa wakizitunza. Chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri uliopakwa rangi. Mara nyingine pia kisa chote huwa ni maji ya paa yanayomwagika mahali pamoja na kula msingi mwaka hadi mwaka kwa kukosa mfereji. Kama ndivyo, kazi iliyopo mbele yenu ni ndogo kuliko mnavyodhani. Kama sivyo, na msingi wenyewe umezama, basi utakuwa umelisikia jambo hilo kwa mtu asiye na fungu katika kiwanja. Kaka yako alikutolea methali, nami nimejikuta nikiitafakari: methali inasema utajenga ukuta, haisemi utajenga nyumba nzima. Usimrudishie hilo kwa simu, tafadhali. Nimeliweka hapa kwa ajili yetu wawili tu.

Nije kwa kaka yako. Umeandika kwamba ni wewe peke yako unayewakumbuka wazazi wenu, na aya kadhaa kabla ya hapo umeandika, kwa sentensi moja fupi, kwamba alihama na kwenda kupanga. Naomba tusimame hapo kidogo. Ni mrithi wa nyumba, na kwa takriban miaka miwili amekuwa akilipa kodi kwa mtu mwingine, katika mji uleule ambao kila siku anaweza kupita mbele ya mlango wa baba yake. Kabla ya hapo ni yeye aliyekuwa akisikia maji yakidondoka usiku. Ni yeye aliyeingia katika chumba cha watoto na kukuta dari kitandani. Alikutumia picha, si moja, bali nyingi, na mtu hamtumii nduguye picha nyingi za ufa kwa sababu amekwisha kuamua. Mara nyingi humtumia kwa sababu hataki kuamua peke yake. Wewe hukuzifungua. Silisemi hili kukulaumu, kwa kuwa mtu anayeshindwa kutazama jeraha si kwamba hampendi mgonjwa. Nauliza tu kama inawezekana kwamba ninyi wawili mnawakumbuka wazazi walewale, na kwamba yeye kumbukumbu yake imechanganyika na uchovu ambao wewe, kwa umbali wako, hukupata nafasi ya kuuchoka.

Halafu kuna neno la mama. "Nyumba msiiache." Wewe umelisikia kuwa ni "msiibomoe," lakini mama hakusema hivyo, na nadhani kwa miaka minne hujalitazama neno lenyewe. Kuacha kuna maana nyingi katika midomo yetu. Mtu huacha kitu kwa kukihama, huacha kwa kukipuuza, huacha kwa kukiuza, na hata akifa huacha. Nyumba nayo si kuta tu. Tunasema nyumba ya fulani tukiwa na maana ya watu wake. Yawezekana mama alimaanisha msiuze kiwanja. Yawezekana alimaanisha kaka yenu asihame. Yawezekana alimaanisha msiachane. Na yawezekana vilevile kwamba alimaanisha hasa kile ulichokielewa wewe, kwamba kuta zile zisiguswe. Aliyesikia ni dada yako. Mpigie, na usimuulize mama alisema nini, kwa kuwa atakurudishia sentensi ileile. Muulize walikuwa wakizungumza nini kabla ya hapo, nani mwingine alikuwepo chumbani, na mama alikuwa akitazama wapi. Pengine hakumbuki. Hata hivyo ningependa umuulize yeye kabla hujaliweka neno hilo katika mizani ya kumhukumu kaka yako.

Huko Ise, nchini Japani, kuna mahekalu ambayo kwa desturi hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mapya yakisimamishwa kwenye kiwanja cha pembeni na ya zamani yakibomolewa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Mbao ni mpya, mafundi ni wengine, na hakuna anayesema kwamba mahekalu yale yameachwa. Sikuleti mfano huu kukusogeza upande wa saini. Wao hurudisha umbo lilelile, kijiti kwa kijiti, ilhali ndugu zako wanafikiria vyumba vya biashara. Nimeuleta kwa sababu unaonyesha kwamba kubomoa na kuacha ni mambo mawili, na kinyume chake nacho ni kweli: nyumba inaweza kuachwa ikiwa imesimama. Jengo ambalo warithi wake hawakubaliani hubomolewa taratibu na mvua, bila saini ya mtu, na hiyo ndiyo njia ninayoiogopa zaidi katika habari yako. Ukikataa kutia saini na ukaishia hapo, hujachagua ukarabati. Umechagua mvua.

Ukichagua ukarabati kwa dhati, unahitaji kuuchagua pamoja na gharama zake. Kiinua mgongo cha miaka mitatu ijayo hakiwezi kuegemeza ukuta wenye notisi ya siku 90, na kaka yako huenda aliisikia ahadi yako kama kauli ya mtu anayekataa bila kulipa. Nyumba ya zamani pia haitoi bei yake yote siku ya kwanza. Ukifungua dari unakuta boriti imeliwa na mchwa, ukifungua sakafu unakuta unyevu, na fundi anayeijua chokaa si rahisi kumpata kama fundi wa saruji. Wala ukarabati si kinga kamili. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883 na linalojulikana duniani kote, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kama jengo la hadhi ile lilianguka mikononi mwa waliokuwa wakiliokoa, basi lenu lisikabidhiwe fundi wa kuokotwa. Na swali la mume wako linastahili jibu kabla ya lile la kaka yako, kwa sababu fedha hiyo ni ya nyumba mbili, na mojawapo ndiyo unayolala kila siku.

Kati ya kuhifadhi yote na kubomoa yote kuna nafasi ambayo katika barua yako sikuiona ikijadiliwa. Umesema ufa uko upande wa kichochoro. Je, vyumba vya mbele ni vizima? Viwanja vingi vya nyumba za zamani vina uwanja wa nyuma, na familia nyingine zimebakiza sehemu ya mbele yenye kuta imara, zikabomoa upande uliochoka, na zikajenga jengo la kipato kwa nyuma. Njia hii ina matatizo yake: jengo jipya likichimbiwa msingi karibu mno na ukuta wa zamani, linaweza kuumaliza ule uliokuwa mzima, kodi itakuwa ndogo kuliko ndugu zako walivyohesabu, na mtu atalazimika kutunza sehemu zote mbili. Lakini ni swali ambalo mhandisi anaweza kulijibu kwa mchoro mmoja, na mchoro una tabia ya kupunguza kelele mezani.

Na ikiwa mwishowe mtakubaliana kubomoa, basi ziko namna za kubomoa. Nyumba inaweza kushushwa kwa mashine kwa asubuhi moja, na inaweza kufumuliwa kwa mikono kwa kurudi nyuma katika mpangilio uleule iliojengwa: paa kwanza, kisha dari na boriti, kisha kuta kutoka juu, jiwe kwa jiwe. Namna ya pili inachukua muda na inawataka mafundi wawe waangalifu na maisha yao, lakini milango, fremu, boriti nzima na mawe hubaki na hutumika tena, na hakuna kinachozuia mlango aliopita baba yako kufungwa katika jengo jipya. Kabla ya hapo kila chumba kinaweza kupimwa na kuchorwa, kila ukuta kupigwa picha. Jihadharini na kitu kimoja: kama paa au dari ina mabamba ya asbesto, msiyavunje wala kuyakata, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu; yaondolewe na wanaojua. Chunguzeni pia kama nyumba haimo katika orodha ya majengo yanayolindwa, maana kama imo, mazungumzo yenu yote yatabadilika.

Sijasahau saini. Tafadhali usiitie, wala usiendelee kuinyima, kabla hujasoma unachotakiwa kusaini. Mkandarasi anayejenga kwa gharama zake hajengi kwa sadaka. Ama anataka sehemu ya kodi kwa miaka kadhaa, ama vyumba, ama sehemu ya kiwanja chenyewe. Hati bado ina jina la marehemu baba yenu, kwa hiyo mirathi inapaswa kukamilishwa kwanza, na mwanasheria wa kwenu anapaswa kuusoma mkataba mbele yenu wote wanne. Kama mama alihofia kitu kuachwa, kiwanja kinachopotea kwa mkataba usiosomwa kimeachwa kwa maana zote. Na hapa, dada yangu, kusitasita kwako kunaweza kuwafaa ndugu zako kuliko wanavyojua, endapo utawaletea kama kazi ya kufanya pamoja, si kama ukuta mwingine.

Nimeiweka alama ya mkono mwisho kwa sababu sikutaka kuigusa haraka. Ulifika siku mbili baada ya mazishi, ukalala kitandani kwake, ukaweka kiganja pale, kikaenea. Naweza kuwa nimekosea, nawe una haki ya kunikatalia, lakini nilipoisoma sehemu hiyo nilijiuliza kama ukuta ule umekuwa ukikufanyia kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekufanyia, yaani kukuagia mama. Kama ndivyo, si ajabu kwamba unautetea kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Lakini basi hata nyumba ikisimama miaka 50 mingine, huzuni ile itakuwa bado inakusubiri pembeni mwa kitanda, na hata ikibomolewa haitazikwa na kifusi. Inahitaji kuzungumzwa, na mtu mmoja anayeweza kukusikiliza kuliko mimi ni dada yako, aliyekuwepo.

Kuhusu alama yenyewe, sitakudanganya kwamba inaweza kubanduliwa nzima. Plasta ya chokaa ya zamani mara nyingi huvunjikavunjika mkononi. Fundi mwangalifu anaweza kujaribu, na akashindwa. Kinachowezekana kwa hakika, kama mhandisi ataruhusu mtu kuingia, ni wewe kufika, kuipiga picha jioni jua likiwa linaingia kwa pembeni ili mng'ao wake uonekane, kuupima urefu wake kutoka sakafuni, na kukaa pale kadiri unavyohitaji. Nadhani safari hiyo unaihitaji kabla ya uamuzi wowote, na sioni namna ya kuamua kwa haki, kwa upande wowote, juu ya nyumba ambayo picha zake bado hujazifungua.

Zifungue basi, leo au kesho, hata kama ni moja moja. Kisha mpigie kaka yako, na usianze na saini wala na mama. Muulize habari za usiku ule dari ilipoanguka: alikuwa wapi, alisikia nini kwanza, na watoto aliwapeleka wapi kulala.